Karai Nililoliacha Mlangoni

Katika mtaa wetu wa Chechelesi, chombo chochote kilichowekwa chini nje ya lango ni cha mbuzi. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo wala anayeitangaza, lakini mgeni huijua kabla hajamaliza kupanga vyombo vyake. Maji yaliyooshewa mchele, maji yaliyochemshiwa viazi, makombo ya ugali yaliyolowekwa, yote huwekwa chini, na mbuzi wa yeyote anayepita huinamisha kichwa akanywa. Maji ya watu hukaa juu, kwenye kiti au kwenye matofali. Mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi ni aibu kumwaga chochote kinachoweza kunyweka, na ni aibu zaidi kumfukuza mnyama mwenye kiu.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nimetoka upande wa Meru, juu kwenye baridi, ambako mbuzi hufungwa kamba na kuletewa majani. Lakini nimekaa Isiolo muda wa kutosha kuitii sheria ile bila kuifikiria. Nilikuwa na karai kuukuu la bati, lililobonyea upande mmoja, ambalo halikuwa na kazi nyingine. Nikimaliza kupika, nalitoa nje ya lango likiwa na chochote kilichobaki. Aliyelijua zaidi ya wote ni mbuzi wa jirani, mweupe mwenye shingo ya kahawia. Alikuwa akisikia bati likigusa ardhi, anakuja akitembea kama mtu aliyeitwa.

Mwenye mbuzi ni mama mzee wa Kiborana anayeishi upande wa pili wa ua wetu wa miti ya miba. Mtaa mzima humwita Akko, yaani nyanya, na mimi pia. Anaishi na binti yake na mtoto wa binti huyo, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Mifugo mingine ya Akko iko mbali, upande wa Sericho, kwa jamaa zake. Mbuzi huyu mmoja aliletwa mjini juu ya lori kwa sababu ya mtoto. Mama yake aliishiwa na maziwa mapema, na mtoto alikataa kila kitu walichojaribu kumpa isipokuwa maziwa ya mbuzi yule, yaliyochemshwa na kupozwa. Hayo niliyajua vizuri. Akko alinieleza mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza.

Kuuliza ndiyo kazi yangu. Natafuta habari za kaunti hii na kuzituma redioni: hali ya soko la mifugo, kisima kilichokauka, barabara iliyokatwa na mvua. Mtaani huniita Ripota. Akko alikuwa ananiambia mambo kabla ofisi yoyote haijayasikia, maana jamaa zake wa Sericho walikuwa wakimpigia simu kabla hawajampigia chifu. Akichemsha chai, mimi nimekaa kwenye kigoda chake, ananieleza ngamia wamehamishiwa wapi na ni nani aliyekosana na nani kisimani. Nilijivunia sana kuwa mtu anayeambiwa mambo.

Sasa nije kwenye gari.

Gari langu ni dogo na limezeeka. Siku moja lilichemka njiani, na fundi niliyempelekea hapa mjini akatatua shida kwa namna wanavyoitatua wengi wa huku: alitoa themostati na kuitupa. Themostati ni kidude cha shaba chenye springi, kinachoenea kiganjani, ambacho hukaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, kinaifunga njia ili ipate joto haraka. Ikishapata joto, kinafungua maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Fundi alinieleza kwa upole kwamba kidude hicho ni cha nchi za theluji, na kwamba injini ya Isiolo haina haja ya kupashwa joto na mtu. Mjini gari lilikwenda vizuri. Lakini kila nilipopanda kwenda kumwona mama yangu, kwenye ile baridi ya mlimani, mshale wa joto ulilala chini kabisa na injini ikanywa petroli kana kwamba ni ya bure. Nilisoma kitabu cha gari, nikasoma na maelezo mengine, nikaamua kurudisha themostati mwenyewe, nyumbani, Jumamosi asubuhi.

Jirani wa chumba cha pembeni ni dereva wa lori la mifugo, Msomali mwenye maneno mengi. Alinikuta nimefungua boneti na kuvaa dera la zamani juu ya suruali.

"Ripota, unarudisha kitu sisi tulitupa?" alisema. "Kesho utaniambia lori yangu inataka sweta."

Sikumjibu kwa mdomo. Niliweka sufuria ndogo ya maji jikoni, nikaining'iniza themostati mpya ndani kwa uzi, nikamwita. Tuliinama wote wawili juu ya sufuria. Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kile kilianza kufunguka polepole katikati. Nilikitoa, kikapoa, kikajifunga. Dereva alikiri kwamba kiko hai, ila akasema hata nyoka yuko hai na hatumweki kwenye injini.

Mimi ni mtu wa utaratibu, na siku ile nilikuwa na utaratibu kupita kawaida kwa sababu nilijua naangaliwa. Nilitandika katoni chini na kupanga spana kwa ukubwa. Kila bolti niliyoitoa niliilaza kwenye katoni mahali panapofanana na ilipotoka. Nilihakikisha injini imepoa. Kisha nikachukua karai lile la bati nikaliingiza chini ya rejeta. Nilikuwa na beseni jingine, lakini lilikuwa la kufulia, na sikutaka kulichafua.

Nililegeza kizibo cha chini na kulanti, yale maji ya kupozea injini, ikashuka, kijani ya kung'aa kama soda, na harufu yake tamu. Karai lilijaa karibu na ukingo. Nililivuta nje kwa uangalifu lisimwagike, na kwa kuwa nilihitaji nafasi ya kulala chini ya gari, nililibeba nikaliweka nje, kando ya lango. Mikono yangu ilijua mahali pake. Nia yangu ilikuwa kuimimina kulanti ile kwenye mtungi na kuufunga. Lakini nilikuwa na faneli moja tu, niliyokuwa nimeiosha na kuikausha kwa ajili ya kulanti mpya, na nikaona si busara kuichafua kwanza kwa ya zamani. Nikasema nitamimina nikimaliza.

Kazi ilikwenda vizuri. Nilivuta mpira wa juu wa rejeta, nikafungua bolti za kifuniko, moja ikagoma, nikaibembeleza kwa mafuta mpaka ikakubali. Nilikwangua gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuzibia maungio, kwa kisu butu bila kukwaruza chuma. Niliweka themostati, springi ikitazama injini, na tundu lake dogo la kupitishia hewa likiwa juu, kama kitabu kilivyosema. Gasketi mpya, kifuniko, bolti nikizikaza kwa zamu ili zisilalie upande. Nikajaza kulanti mpya kwa faneli yangu safi. Nikawasha injini kizibo cha rejeta kikiwa wazi, na mapovu yakapanda, yakapanda, yakaisha.

Dereva aliingia garini kutazama mshale. Uliinuka taratibu, ukafika katikati, ukasimama hapo. Alisubiri uendelee. Haukuendelea.

"Sawa," alisema hatimaye. "Ripota amekuwa makanika. Sasa sisi tutaandika habari."

Tulilipeleka gari mpaka kwenye lami na kurudi, yeye akiwa abiria, mshale ukiwa umekaa pale pale. Niliporudi nilipiga honi mbele ya lango langu mwenyewe, na hakukuwa na mtu ndani wa kunifungulia. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo ninalolikumbuka kwanza: kwamba nilipiga honi.

Kisha nikaona karai.

Kulanti ilikuwa imepungua. Si kidogo. Kwenye ukingo ulipobonyea palikuwa na unyevu, na kwenye vumbi kando yake palikuwa na alama za kwato. Nilisimama nikizitazama. Nikajiambia ilimwagika nilipokuwa nalibeba. Lakini ardhi chini ya karai ilikuwa kavu, na kazi yangu ninayolipwa mshahara ni kuona kwamba ardhi ni kavu. Nilimimina iliyobaki kwenye mtungi, nikaufunga na kuuweka juu ya kabati. Nililiosha karai kwa sabuni. Halafu nikaliosha tena. Mtu anayeamini kwamba kitu kimemwagika haoshi karai mara mbili.

Chupa ya kulanti ilikuwa bado kwenye katoni, imesimama wima pembeni mwa spana. Ina picha ya fuvu la kichwa, na chini yake onyo kwamba isifikiwe na watoto wala wanyama. Sikuwa na haja ya kulisoma. Nilikuwa nimelisoma asubuhi, kwa sababu mimi husoma kila kitu kabla ya kukifungua.

Jioni ile sikuvuka kwenda kwa Akko kama kawaida yangu. Nilijiambia nimechoka.

Siku iliyofuata, niliporudi kutoka kanisani, Akko aliniita kutoka upande wake wa ua. Tulisalimiana, salaam aleikum na aleikum salaam, kwa sababu baada ya miaka hiyo yote nilikuwa nimezoea salamu yake, na akaniambia niingie nione mbuzi. Mbuzi alikuwa amesimama katikati ya ua, miguu ameipanua, akiyumba kama mlevi anayejaribu kuonekana hajalewa. Alipojaribu kupiga hatua alianguka kwa magoti. Akko alimwinua, akaanguka tena, na safari hii akabaki pale, akihema haraka haraka.

Nilichuchumaa karibu yake. Na nikaanza kuuliza.

Hilo ndilo ninaloshindwa kulieleza kwa mtu. Sikupanga. Mdomo ulijifungulia njia uliyoizoea. Nilimuuliza Akko mbuzi alianza lini kuwa hivi. Nikauliza kama amekula. Nikauliza kama amekunywa, na amekunywa nini. Sauti yangu ilikuwa ya huruma, ile ninayoitumia kwa watu waliopoteza mifugo katika ukame, na ilikuwa huruma ya kweli, ndiyo maana ilinitoka kwa urahisi. Akko alinijibu kwa makini kama anavyonijibu siku zote. Alisema jana alasiri mbuzi alirudi akakataa majani, akanywa maji mengi kupita kawaida, akakojoa ovyo. Alisema asubuhi alipomkamua hakupata kitu cha kujaza hata kikombe, na mtoto alikunywa hicho kidogo akalia akitaka kingine.

Mtoto yule alikunywa maziwa ya asubuhi ile. Nilisikia hivyo, nikatikisa kichwa kama ninayeandika.

Kisha Akko akanieleza sababu. Binti yake alimwacha mbuzi azurure karibu na jalala, ambako kuna mifuko ya plastiki, na sasa plastiki imefunga tumbo. Alikuwa amemwambia binti yake mara nyingi. Alisema kwa Kiswahili ili nielewe, na akageuka akarudia kwa Kiborana kwa ukali zaidi ili binti aelewe. Binti alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani. Hakujitetea. Alikuwa akilia bila sauti na kujifuta kwa ncha ya mtandio, na mtoto akaushika mtandio akidhani ni mchezo.

Nilimwambia Akko asimlaumu sana. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nikamtetea binti yake dhidi ya kosa langu, na Akko akaniambia mimi nina moyo mzuri.

Wafugaji hawamwachi mnyama afe mikononi mwao bure. Akionekana hatapona, huchinjwa akiwa bado na uhai, nyama iwe halali na iliwe. Akko alimwita dereva, na dereva akaja na kisu chake, akamlaza mbuzi akielekea kibla, akasoma bismillahi. Mimi niliondoka. Nilisema naenda kuleta chumvi. Nyumbani niliichukua chupa ya kulanti nikaishika, nikalisoma tena onyo lile, kana kwamba huenda usiku ule walikuwa wamelibadilisha. Nilifikiria kwamba labda sumu haikai kwenye nyama. Nilifikiria kwamba nyama ikipikwa sana huenda isidhuru. Nilikuwa nikitafuta mtaalamu wa kunukuu, na sikuwa na mtaalamu isipokuwa mimi.

Niliporudi, mbuzi alikuwa ameshachunwa. Dereva alikuwa akigawanya nyama juu ya magunia yaliyooshwa, fungu la kila jirani, na maini yalikuwa juu ya jiko la makaa yameanza kunukia. Hayo huliwa kwanza, yakiwa ya moto, na watoto hupewa kipande. Binti alikuwa ameshasogea na mtoto karibu na jiko. Akko alikuwa ameshika paja la nyuma, fungu zuri kuliko yote, amelifunga kwenye karatasi.

"Hii ni ya Ripota," alisema. "Umekaa na sisi na taabu yetu."

"Akko, msile," nilisema.

Wote walinitazama. Nikasema tena wasile, mtoto asipewe. Nikasema jana mbuzi alikunywa maji ya gari langu, na maji hayo ni sumu, na niliyaweka kwenye karai, hapo kwenye lango.

Dereva ndiye aliyeelewa kwanza. Aliuliza kama ni ile maji ya kijani. Nikasema ndiyo. Aliyatoa maini motoni kwa vidole vyake mwenyewe, bila kungoja kijiti, akayatupa kwenye gunia na kusimama akipuliza mkono. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. Akko hakusogea. Bado alikuwa ameshika lile paja.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

"Jana mchana. Niliona karai imepungua."

"Jana mchana." Alilirudia taratibu, kisha akaliweka paja juu ya gunia pamoja na nyama nyingine. "Na leo ulikuwa unaniuliza. Imekula nini, imekunywa nini. Mimi nikawa nakujibu."

Angenitukana ningeomba msamaha, na angedai malipo ningelipa, lakini hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama binti yake, akamwambia jambo kwa Kiborana kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Binti aliinuka, akambeba mtoto kiunoni, akapita mbele yangu kuingia ndani. Hakunitazama. Sikuwa nimemuomba radhi yeye, na yeye ndiye aliyekuwa amelaumiwa.

Dereva alimpigia simu ofisa wa mifugo anayemfahamu. Alisikiliza, akasema sawa, sawa, akakata. Nyama isiliwe na mtu wala mbwa, ichimbiwe chini. Mtoto aangaliwe, akitapika au akilala kupita kiasi akimbizwe hospitali. Nilisema gari langu liko tayari saa yoyote. Niliposema hivyo nilisikia jinsi maneno hayo yalivyosikika, na nadhani wote walisikia. Mtoto hakutapika. Alicheza mpaka jioni akiwa na njaa.

Tulichimba nyuma ya ua, dereva na mimi, kwenye ardhi ngumu kama sakafu. Majirani waliokuwa wamekuja na sahani zao kuchukua mafungu waliambiwa habari mmoja mmoja, wakazishika sahani tupu chini ya mkono na kubaki kutazama. Ndege wale wakubwa wa jalalani walitua juu ya ukuta, wakasubiri. Mwanamke mmoja alisema kwa mwenzake, bila kupunguza sauti, kwamba watu wa milimani hawajui kuishi na mifugo. Nilitamani iwe hivyo. Nilijua kabisa. Mbuzi yule alikuja kwenye karai langu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuja.

Kesho yake nilimwendea Akko nikamwambia nitakwenda soko la mifugo nimtafutie mbuzi mwingine mwenye maziwa. Alisema mbuzi wake atamleta mwenyewe kutoka Sericho, lori likipatikana na barabara ikikauka. Nikasema basi mpaka hapo, maziwa ya mtoto ni juu yangu. Hakusema ndiyo wala hapana. Binti pia alikuwepo. Nilimwambia nimemkosea, kwamba nilisikiliza akigombezwa kwa jambo nililolijua. Aliendelea kupepeta mchele. Baadaye alisema, "Nimesikia," na ikawa basi.

Kwa hiyo kila asubuhi nilipeleka maziwa ya pakiti. Nilibisha, nikasalimu, Akko akaitikia salamu, maana salamu huitikiwa. Nikimuuliza habari za nyumbani, alisema salama. Habari za Sericho, salama. Mvua imefika huko? Salama. Nilisikia redioni, kwenye idhaa nyingine, kwamba ngamia wa jamaa zake walikuwa wamehamishwa, nami nilikuwa nimesimama mlangoni kwake siku mbili kabla, na pakiti mkononi, na nilikuwa nimeambiwa salama.

Asubuhi moja nilimuuliza mtoto anaendeleaje. Akko alifungua mlango zaidi.

"Yuko hapo. Angalia mwenyewe."

Niliingia. Binti alikuwa amemkalisha mtoto mkekani, na kikombe chenye maziwa yangu yaliyochemshwa. Mtoto alikiona kikombe akafungua mdomo kwa furaha, akanywa tone moja, akalitema juu ya kifua chake. Mama yake alijaribu tena. Mtoto aligeuza uso, akausukuma mkono, akaanza kulia. Miguu yake ilikuwa imekonda. Ukutani, mahali alipozoea kushika akitembea, hakuwa amesimama.

"Kila siku hivi," binti alisema. "Hii ya pakiti hataki. Sisi ndiyo tunakunywa."

Nilikuwa nimeuliza maswali kila asubuhi na sikuwa nimeuliza kama mtoto anakunywa.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mtaa wa Bulla Pesa, kwa miguu, nimeliacha gari, na chupa ya chai ya chuma mkononi. Kuna mahali wanawake huketi asubuhi na mitungi yao ya maziwa, ya ngamia zaidi, lakini nilikuwa nimesikia mmoja huleta ya mbuzi. Niliwapita wa kwanza nikawauliza, wakanielekeza kwa mama mnene aliyejifunga leso mbili, ameketi mwishoni kivulini mwa kibanda. Nilimsalimu. Nikamwambia nataka maziwa ya mbuzi, kila siku, kama anaweza kuniwekea.

Aliuliza ni ya nani, kama ni ya chai au ya mgonjwa.

Nilimwambia ni ya mtoto. Nikamwambia ni mtoto wa jirani, alikuwa na mbuzi wake, na mbuzi huyo nilimuua mimi, kwa maji ya gari niliyoyaacha kwenye karai, na nilijua, nikanyamaza mpaka nyama ilipofika jikoni. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, nimesimama juani, kabla hajauliza la pili.

Alikiweka kipimo chake chini.

"Kumbe ni wewe," alisema. Akawageukia wenzake, akasema kitu kwa Kiborana, na neno karai nililisikia ndani yake likiwa zima. Wanawake wote waligeuka. Mmoja aliinua mtandio akafunika mdomo, sijui kama ni kwa kicheko au kwa nini. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, imekaa hapo siku nyingi, na haikunihitaji mimi kuisimulia.

Mama yule alinyoosha mkono akachukua chupa yangu ya chai. Aliifungua, akaiinamia, akainusa kwa makini. Akaigeuza kwenye mwanga, akanusa na kifuniko. Kisha akaifunga na kunirudishia, akatoa kibuyu chake mwenyewe kilichofukizwa moshi, akapima maziwa ya mbuzi ndani yake mpaka shingoni.

"Kesho kuja mapema," alisema. "Na hii yangu uirudishe. Usiioshe. Nitaosha mwenyewe."